Acheni kuwafundisha vijana fremuweki kabla ya anwani

Kuna ugonjwa umeingia mjini, na leo nitausema.

Mkute kijana yeyote anayejifunza kutengeneza programu za kwenye mtandao, umuulize ameanza na nini. Atakutajia React, Laravel, Docker, Kubernetes, haraka haraka kama kondakta wa daladala anavyotaja vituo. Kisha muulize swali dogo tu: mtu akiandika anwani kwenye kivinjari na kubonyeza, ni kitu gani kinakwenda kwenye seva, na ni kitu gani kinarudi? Hapo ndipo utaona anaangalia dari.

Simlaumu kijana. Nawalaumu wanaomfundisha: wenye vyuo vya miezi mitatu, wenye video za "kuwa mtaalamu ndani ya wiki mbili", na hata baadhi ya walimu wa vyuo vikubwa ambao wameona ni rahisi kufundisha majina ya zana kuliko kufundisha kazi ya zana. Ni kama kumfundisha mtu useremala kwa kumkaririsha aina za misumari.

Najua mtaniuliza: wewe mwandishi wa habari, haya yanakuhusu nini? Kaka, dada, yananihusu kuliko unavyodhani.

Gazeti moja nililoliandikia liliwahi kubadilisha tovuti yake. Wakaleta mafundi, tovuti ikawa nzuri, rangi zinang'aa. Lakini kuanzia siku ile kila kiungo cha habari zetu za zamani kikawa kimekufa. Habari zenyewe hazikufutwa, zilikuwa bado zimo ndani ya hifadhidata. Kilichobadilishwa ni anwani tu, na hakuna aliyehangaika kuelekeza anwani za zamani kwenye mpya. Nilikuwa nimeandika mfululizo kuhusu uwanja wa wazi wa mtaa mmoja uliokuwa unagawanywa viwanja kimyakimya. Wakazi wa pale walikuwa wameziweka anwani za habari zile kwenye barua zao za malalamiko, zimechapwa, zimegongwa mihuri. Afisa akiifungua anwani leo anakuta "ukurasa haupo". Sasa nani ataamini kwamba habari ilikuwepo?

Hilo halikuwa kosa la rangi wala la kasi ya seva. Ni kosa la fundi ambaye hakuwahi kuambiwa kwamba anwani ni ahadi. Tim Berners-Lee, aliyeubuni huu mtandao wa tovuti akiwa CERN mwaka 1989, aliliandika jambo hili wazi mwaka 1998: anwani nzuri hazibadiliki. Hili ndilo lilipaswa kuwa somo la kwanza la kila anayeanza. Badala yake halipo hata kwenye somo la ishirini.

Haya, tuje kwenye hiyo REST ambayo kila tangazo la kazi linaitaja.

Mwaka 2000, Roy Fielding alikuwa anamaliza shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha California, Irvine. Huyu hakuwa mtazamaji. Alikuwa mmoja wa walioandika kanuni za HTTP, lugha ambayo kivinjari na seva huongea, na mmoja wa waanzilishi wa mradi wa seva ya Apache. Katika tasnifu yake, sura ya tano, akaeleza kwa nini mtandao umeweza kukua hadi kufika hapa bila kuporomoka. Muundo huo akauita Representational State Transfer. Kwa Kiswahili changu: kupelekeana picha ya hali ya kitu.

Kwa hiyo REST si programu ya kununua. Si fremuweki. Hakuna mahali pa kuipakua. Ni maelezo ya mtandao unavyofanya kazi pale unapofanya kazi vizuri. Mtu akikwambia "nitakufundisha REST kwa kutumia fremuweki hii", muulize kama anakufundisha kuogelea au anakuuzia nguo ya kuogelea.

Mambo makubwa ni machache. La kwanza, kila kitu cha maana kina anwani yake. La pili, vitenzi ni vichache na vinajulikana na wote: GET ni kusoma, POST ni kuleta kitu kipya, PUT ni kuweka kitu hiki mahali hapa, DELETE ni kuondoa. Mwaka 2010 ikaongezwa PATCH, kurekebisha sehemu tu. La tatu, seva haihitaji kukumbuka mlichoongea jana. Kila ombi linakuja na maelezo yake yote. La nne, jibu linasema kama linaweza kuhifadhiwa na kutumika tena. La tano, jibu lenyewe linakuonyesha viungo vya kwenda mbele, kama ukurasa wa kawaida wa tovuti unavyofanya.

Sasa nawaambia jambo ambalo sijawahi kulisikia darasani: sisi tunaoongea Kiswahili tulipaswa kulielewa hili mapema kuliko wengine. Katika Kiswahili nomino ndiyo bosi. Kiti kizuri changu kimevunjika. Ki, cha, ki, kila neno linamfuata kiti. Mtoto wa darasa la tatu anajua kwamba huwezi kuanza sentensi kabla hujajua unaongelea kitu gani. REST ni hivyo hivyo. Unaanza na kitu, unakipa jina, ndipo unauliza kinaweza kufanywa nini.

Lakini angalia vijana wetu wanavyofundishwa kuandika anwani:

/ongezaBei
/badilishaBei?id=57
/futaBei?id=57

Vitenzi vitupu! Kila jambo limezaliwa na kitenzi chake, na mgeni akija hana namna ya kukisia kitenzi kinachofuata. Je ni futaBei, ondoaBei au toaBei? Itabidi amtafute aliyeandika, na aliyeandika amehamia kampuni nyingine tangu mwaka juzi. Weka hivi:

/masoko
/masoko/mabibo
/masoko/mabibo/bei
/bei/57

Hapa kuna nomino tupu, na vitenzi anavijua kila mtu. Ukitaka kuisoma bei namba 57, GET. Ukitaka kuiondoa, DELETE kwenye anwani ile ile. Hakuna cha kukariri.

Kuna watakaosema hayo ni mapambo ya wasomi, programu inafanya kazi hata kwa vitenzi. Ngoja niwakumbushe kisa cha mwaka 2005. Google walitoa programu iliyoitwa Web Accelerator. Kazi yake ilikuwa kuharakisha mtandao kwa kuvifungua viungo vya ukurasa kabla mwenyewe hujavibonyeza, ili ukibonyeza vikute tayari. Wazo zuri. Isipokuwa waundaji wengi wa programu walikuwa wameweka neno "futa" kama kiungo cha kawaida, yaani GET. Programu ikapita, ikavifungua viungo vyote, na "futa" ikiwemo. Watumiaji wa Basecamp, huduma ya kuratibu kazi ya kampuni ya 37signals, wakakuta vitu vyao vinatoweka bila mtu kugusa. Kelele zikawa nyingi, wengine wakailaumu Google. Lakini kanuni za HTTP za mwaka 1999 zilikuwa zimeshasema kwamba GET ni ya kusoma tu, haitakiwi kubadilisha kitu. Miaka sita kabla! Haya yaliwakuta watu wenye ujuzi wao. Sasa kijana wa kwetu, ambaye hata hakuambiwa kwamba kuna kanuni, atapona vipi?

Twende kwenye mtandao wetu huu wa simu, unaokatika ukiwa umebakiza sekunde moja. Umejaza fomu ya mchango wa msiba, umebonyeza "tuma", skrini imeganda. Imekwenda au haijakwenda? Ubonyeze tena? Kila aliyewahi kutuma pesa kwa simu anaijua hofu hiyo. Kwenye HTTP hofu hii ina jibu. PUT na DELETE zimewekwa ili hata ukizirudia mara kumi, matokeo yawe kama umefanya mara moja. Kuweka mchango huu kwenye anwani hii, mara moja au mara tano, bado ni mchango mmoja. POST haina ahadi hiyo. Ukirudia unaweza kuwa umeleta michango miwili. Anayejua tofauti hii anatengeneza programu inayofaa kwa mtandao wa Mbagala na wa Sumbawanga. Asiyejua anatengeneza programu inayofanya kazi kwenye ofisi yake yenye waya wa intaneti, halafu analaumu wateja.

Na bando je? Msomaji wa kwetu ananunua intaneti kwa kupima kama mafuta ya taa. HTTP ina dawa yake, iko bure tangu miaka ya tisini. Seva inalipa jibu alama yake, inaitwa ETag. Simu ikirudi inauliza: mimi nina lenye alama hii, je limebadilika? Kama halijabadilika seva inajibu 304, maneno machache bila mzigo. Badala ya kuvuta orodha nzima ya bei upya, umevuta mistari michache. Mimi naiona hii kama suala la haki. Fundi anayemlazimisha mama muuza nyanya avute kitu kile kile mara ishirini kwa siku anamchukulia pesa, hata kama haziingii mfukoni kwake.

Jambo jingine linaloniudhi kama mwandishi ni uongo. Kila jibu la HTTP linaanza na namba. 200 maana yake sawa. 201 kimeundwa kipya. 400 ombi lako lina kasoro. 401 hujajitambulisha. 403 huruhusiwi. 404 hakipo. 410 kilikuwepo, kimeondolewa moja kwa moja. 500 kosa ni langu mimi seva. Namba hizi ni ungwana. Zinasema ukweli na zinasema kosa ni la nani. Sasa zipo programu chungu nzima zinazojibu 200, halafu ndani ya ujumbe zimeandika "imeshindikana". Ni kama msemaji wa ofisi anayetoka mbele ya kamera anatabasamu, anasema hali ni shwari, huku nyuma yake moshi unaonekana. Mashine nyingine zinazotegemea namba ile zitaamini. Zitahifadhi kosa kama jibu halali na kuwapa watu wengine. Ukimfundisha anayeanza kusema 200 kwa kila kitu, umemfundisha kudanganya kabla hajajua kusema ukweli.

Sitaki kuwa mtu wa kulalamika tu. Kama wewe ndiye unayeanza, mimi ningekwambia ufanye hivi, na usimlipe mtu hata shilingi.

Kwanza usiandike programu yoyote. Fungua dirisha la amri la kompyuta yako, andika curl -i kisha anwani ya tovuti yoyote. Programu ya curl imo ndani ya Windows tangu mwaka 2018, na kwenye Mac ipo. Utaona jibu likiwa uchi: mstari wa namba, vichwa vyake, halafu mwili. Fanya hivyo kwa tovuti kumi unazozipenda. Tafuta ETag, tafuta Cache-Control, andika anwani ya ukurasa usiokuwepo uone kama wanajibu 404 au wanakudanganya. Jioni moja tu, utakuwa umejua zaidi ya wengi wenye vyeti.

Pili, chukua karatasi na kalamu. Chagua jambo unalolijua mwenyewe, si duka la kubuni la kwenye video. Bei za sokoni, ratiba ya mabasi, vitabu vya maktaba ya kanisa au msikiti wenu. Andika nomino zake zote. Kila nomino ipe anwani. Halafu jiulize: miaka kumi ijayo, programu ikiandikwa upya kwa lugha nyingine, anwani hii itabaki na maana? Kama ndani yake kuna .php au jina la fremuweki, futa uandike upya.

Tatu, sasa ndiyo shika zana, na shika nyembamba. Python na Flask zinatosha, au chochote unachokipata kwa urahisi. Data weka kwenye SQLite, ambayo ni faili moja tu, haihitaji seva ya pembeni. Anza na GET peke yake. Ikikubali, ongeza POST: ikipokea bei mpya ijibu 201, na kwenye kichwa kinachoitwa Location itaje anwani ya hiyo bei mpya. Kisha PUT. Kisha DELETE. Kila hatua ijaribu kwa curl kabla hujagusa ukurasa wa kupendeza.

Nne, ivunje. Tuma bei iliyoandikwa herufi badala ya namba, ikujibu 400. Tuma DELETE kwenye /masoko ambako hairuhusiwi, ikujibu 405. Rudia PUT mara tatu uhesabu kama bado kuna kitu kimoja. Na kabla hujaiweka hadharani, hakikisha si kila mpita njia anaweza kufuta, tumia HTTPS, na usiunganishe maneno ya mtumiaji moja kwa moja kwenye amri ya hifadhidata. Wahuni wapo, na hawabagui programu ndogo.

Ukimaliza hapo, nenda kachukue fremuweki yoyote unayotaka. Hutaiogopa, maana utajua kila kipande chake kinakuokolea kazi gani.

Najua upinzani unakuja. Wa kwanza atasema waajiri wanataka majina ya zana kwenye CV. Kweli, wanataka. Lakini zana za mwaka huu si za miaka mitano ijayo, na kanuni za HTTP zilizoandikwa upya mwaka 2022 bado zina GET, PUT na 404 zile zile. Jifunze kinachodumu kwanza, majina utayaongeza wikiendi.

Wa pili atasema REST imepitwa, siku hizi kuna GraphQL iliyotolewa na Facebook mwaka 2015. Sawa, ina matumizi yake. Lakini nayo kwa kawaida inasafiri juu ya HTTP hiyo hiyo. Huwezi kudharau barabara kwa sababu umenunua gari.

Wa tatu ni msomi. Atasema Fielding mwenyewe alilalamika mwaka 2008 kwamba nyingi zinazojiita REST si REST, kwa kuwa hazitumii viungo kumwongoza mtumiaji. Huyu ana hoja, na namheshimu. Lakini asiitumie kumfukuza anayeanza. Leonard Richardson alilipanga jambo hili kama ngazi: kwanza vitu viwe na anwani, kisha vitenzi vitumike sawasawa, kisha viungo. Ngazi hupandwa kutoka chini. Shida yetu ni kwamba wengi bado wako ardhini, na wamepewa helikopta ambayo hawajui kuirusha.

Na wa nne wa siku hizi: "kwa nini nijifunze, akili mnemba itaniandikia yote kwa dakika moja?" Itakuandikia, ndiyo. Itakuandikia hata /futaBei kwa GET kama ukiiomba hivyo. Sasa nani atagundua? Mhariri asiyejua sarufi hawezi kumsahihisha mwandishi, hata mwandishi akiwa mashine.

Programu hizi ndizo zitakazobeba matokeo ya mitihani ya wadogo zetu, risiti za hospitali, hati za viwanja, na habari tunazoandika usiku tukiwa na usingizi. Anayezijenga ndiye anayeamua kama mwananchi atakayerudi baada ya miaka kumi atakuta ushahidi wake au atakuta "ukurasa haupo". Kwa hiyo walimu, wenye vyuo, wenye video: somo la kwanza liwe anwani. La pili liwe vitenzi. La tatu liwe kusema ukweli kwa namba. Hayo mengine yatafuata yenyewe.

Anayepinga aje na hoja, nipo. Ila kabla hujaja, nenda kaandike curl -i kwenye tovuti uliyotengeneza mwenyewe, uone inajibu nini.